Jinsi ya Kumwambia Bosi Habari Mbaya Asizisikie

Mwongozo huu ni wa kuharibu kazi. Unamfaa kila aliyeajiriwa mahali penye mkubwa juu yake, wenzake ubavuni na wadogo chini yake, yaani karibu kila anayesubiri mwisho wa mwezi. Hatua zilizomo hazihitaji fedha, mitambo wala semina ya siku tatu hotelini. Zote zimejaribiwa, zote zinafanya kazi, na baadhi yake zimezika watu. Anayetaka kazi yake isimame imara azisome moja moja na afanye kinyume chake. Nitafurahi sana mwongozo wangu ukikosa wafuasi.

Kwanza ujue kwamba hulazimiki kusema uongo. Uongo ni hatari, hugunduliwa, na mtu hufukuzwa kwa ajili yake. Kinachotakiwa ni kusema ukweli nusu, kwa sauti ya chini, mahali pasipofaa, kwa mtu ambaye tayari ana simu sikioni. Hapo utakuwa umesema. Siku tume ya uchunguzi ikikaa, utashika kitabu kitakatifu na kuapa bila kigugumizi: nilimwambia.

Dokeza, usiseme

Tuanzie kwenye eneo la ujenzi, maana huko neno lililomezwa jioni huonekana kwa macho asubuhi. Ghorofa ya kwanza imefikia kwenye boriti. Mbao zimepigwa, nondo zimefungwa, mashine ya kuchanganyia imekodiwa, vibarua wameambiwa wafike alfajiri. Fundi wa nondo anapita mara ya mwisho na kukuta boriti ya kona imefungwa nondo za milimita 12 mahali ambapo mchoro unataka 16. Milimita nne zinaonekana si kitu mpaka upige hesabu ya eneo la chuma: nondo ya 12 ina chuma kinachozidi kidogo tu nusu ya kile cha nondo ya 16. Boriti hiyo itabebeshwa mzigo wake wote ikiwa na karibu nusu ya nguvu iliyopangiwa. Gari la mhandisi linaingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Mko salama?"

"Tunamshukuru Mungu, mzee. Kazi inakwenda."

"Kesho tunamwaga?"

"Tunamwaga, mzee. Ila hizi nondo za safari hii, sijui kama ni sawa na zile za mwanzo."

"Si mmechukua duka lilelile?"

"Nadhani, mzee. Tutaangalia."

"Haya, angalieni. Kesho saa moja kamili."

"Haya, mzee. Ufike salama."

Hivyo ndivyo inavyofanywa. Fundi anakwenda nyumbani akiamini ameshasema. Mhandisi anakwenda nyumbani akiamini hakuna tatizo. Kesho saa nne zege limeshazifunika zile nondo, na kuanzia hapo ukweli wa boriti ya kona unahitaji nyundo ili kuonekana.

Kilichokosekana si ujasiri wa kumgombeza mhandisi. Vimekosekana vitu vitatu vidogo: namba, mahali na ombi. "Shikamoo, mzee. Boriti ya kona, upande wa barabarani, imefungwa nondo za 12. Mchoro unasema 16. Naomba kesho tusimwage mpaka zibadilishwe." Salamu imebaki, mzee amebaki mzee, na heshima haijapungua hata chembe. Hapo ndipo nina ugomvi na wale wanaosema kwamba mila zetu ndizo zinazotufunga midomo. Mila zimetufundisha namna ya kumkaribia mkubwa, hazikutufundisha kumwacha atumbukie shimoni huku tukimtazama. Kijana anayemwona babu akikanyaga ngazi iliyooza hamwambii kwamba hajui kama ngazi hii ni sawa na ile ya mwanzo. Anapiga kelele na kumshika mkono, na hakuna mtu kijijini atakayesema kijana huyo hana adabu.

Lakini tusimwonee fundi. Yeye analipwa kwa siku. Zege likiahirishwa, mashine iliyokodiwa itadaiwa vilevile, vibarua watanung'unika, na msimamizi aliyepokea nondo zile dukani atataka kujua nani kapeleka maneno kwa mzee. Wiki ijayo orodha ya mafundi inaweza kutoka bila jina lake. Amepima bei ya kusema na bei ya kunyamaza, akachagua kudokeza, kwa kuwa dokezo ni bei rahisi kuliko zote mbili. Nitarudi kwa hao wanaopanga bei hiyo, maana wao wamekaa ofisini na wanausoma mwongozo huu wakidhani ni wa mafundi.

Ukishasema, usingoje jibu

Ukitaka kudokeza kuzae matunda zaidi, ongeza hatua hii: toa agizo au taarifa, kisha endelea na mambo yako bila kuhakikisha kwamba aliyeambiwa amesikia, ameelewa na amefanya. Ukiwa wewe ndiye uliyeambiwa, nyamaza. Usirudie ulichoambiwa, usiseme umefanya wala hujafanya.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways, safari namba 507 kutoka Abidjan kwenda Nairobi, ilikuwa Douala, Cameroon, ikisubiri mvua ya radi ipungue. Iliruka muda mfupi baada ya saa sita usiku, bila kupata ruhusa ya mnara. Ilipokwishapanda, rubani mkuu alitamka amri ya kuwashwa kwa mtambo wa kujiendesha. Utaratibu unataka mwenzake arudie na kuthibitisha. Hakuna aliyerudia, na mtambo haukuwashwa. Kwa sekunde zipatazo 55 ndege ile, Boeing 737-800 iliyokuwa karibu mpya, haikuongozwa na mtu wala mashine. Ikawa inalalia kulia taratibu katika giza lisilokuwa na taa chini yake wala nyota juu yake. Tahadhari ilipolia, ilikuwa imekwisha kulala sana. Ilianguka kwenye kinamasi cha mikoko karibu na Mbanga Pongo, kilomita chache tu kutoka uwanjani. Watu wote 114 walikufa.

Ripoti ya uchunguzi ilitoka mwaka 2010. Ilitaja rubani kupoteza hisia ya mwelekeo angani, na pamoja na hilo ikataja kukosekana kwa uratibu ndani ya chumba cha marubani. Ilieleza vilevile jinsi wawili hao walivyokuwa: mkuu mwenye kauli nzito kwa walio chini yake, msaidizi mpole asiyependa kubishana naye. Sitaji haya ili kuwahukumu marehemu. Nayataja kwa sababu ofisi nyingi ninazozijua zina watu wawili wa namna hiyohiyo, wameketi meza zinazotazamana, na kinachowaokoa ni kwamba ofisi haina mabawa.

Wala usidhani ni jambo la Kiafrika. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ukungu ulikuwa mzito na Boeing 747 mbili, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia. Rubani mkuu wa ndege ya KLM alikuwa mwalimu wa marubani wenzake na sura yake ilitumika kwenye matangazo ya kampuni. Alisukuma injini mara ya kwanza; msaidizi wake akamwambia ruhusa bado, naye akasimama. Alisukuma mara ya pili, na safari hii msaidizi hakumzuia. Kumsahihisha mwalimu wako mara moja ni kazi. Mara mbili ndani ya dakika moja wachache wanaiweza. Mhandisi wa ndege, aliyekaa nyuma yao, aliuliza kama ile ndege ya Pan Am haijatoka njiani. Aliuliza, hakusema "simama". Rubani mkuu akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Haikuwa imetoka. Zikagongana, wakafa watu 583, na mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi zaidi ya hiyo.

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya United Airlines ilizunguka juu ya mji wa Portland, Marekani, kwa muda wa saa nzima huku rubani mkuu akishughulika na hitilafu ya magurudumu. Waliokuwa naye walitaja mafuta mara kadhaa. Walitaja kwa upole, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Injini zikazimika moja baada ya nyingine na ndege ikaanguka kabla ya kufika uwanjani. Kati ya watu 189 walikufa 10. Mafuta yalikwisha mbele ya watu watatu wenye leseni, wote wakiwa na vipimo mbele ya macho.

Hapo wenye ndege walichoka kuzika. Mwezi Juni 1979 shirika la NASA liliitisha mkutano juu ya jambo hili, na mwaka 1981 United ikaanza kuwafundisha marubani wake namna ya kusemezana. Msaidizi alifundishwa kutamka hatari kwa jina lake na kuirudia asipojibiwa. Mkuu alifundishwa kuuliza na kungoja. Mafunzo hayo yalienea dunia nzima na leo rubani wa shirika la ndege hapewi kiti bila kuyapitia. Wameyachukua kama sehemu ya kazi, sawa na kujua kutua.

Kikabidhi kitanda ukiwa mlangoni

Sasa tuingie wodini, ambako mambo haya hutokea mara mbili au tatu kwa siku, kila siku, katika kila hospitali yenye zamu. Muuguzi wa usiku amechoka, miguu imevimba, daladala za asubuhi zinajaa. Mwenzake ameingia sasa hivi, bado anafunga kitambaa. Mwongozo unasema hivi: kabidhi ukiwa umeshavaa mkoba begani. Sema, "Wodi imetulia. Kitanda cha sita mwangalie tu." Ondoka.

Kitanda cha sita kuna mama aliyejifungua jana kwa upasuaji. Saa kumi alfajiri mapigo yake ya moyo yalikuwa 96 kwa dakika. Saa kumi na moja yakawa 124. Pedi zinalowa upesi kuliko kawaida. Kila mkunga aliyesoma anajua namba hizo zikipangwa pamoja zinasema nini: mama huyu anapoteza damu, na ana saa chache, pengine chini ya hapo. Lakini zikifungwa ndani ya "mwangalie tu" hazisemi chochote. Mwenzake ataanza na kitanda cha kwanza, kama ratiba inavyotaka, na kitanda cha sita kitafikiwa kwa zamu yake.

Makabidhiano yanayookoa hayachukui hata dakika nzima. Unasimama kando ya kitanda chenyewe. Unasema nani huyu, amepitia nini, sasa yuko katika hali gani kwa namba, na unataka mwenzako afanye nini na kwa wakati gani: "Nimempigia daktari saa kumi na moja na nusu, hajafika. Mpigie tena sasa hivi, na asipopokea mwite wa zamu ya upasuaji." Mpangilio huo wa maneno umefika hospitalini kutoka kwa wanamaji wa nyambizi za Marekani, watu waliofungiwa chini ya maji na mtambo wa nyuklia, ambao hawana anasa ya kutokuelewana. Kisha mwenzako anarudia alichosikia. Hapa wengi huona haya. Kurudia maneno ya mkubwa huonekana kama kumtania, na kumtaka mdogo arudie huonekana kama kumdharau. Basi haya hiyo ivunjwe kwa kuifanya iwe sheria ya wote, kuanzia kwa daktari bingwa. Dozi inayotajwa kwenye simu yenye kelele, fiftini ikisikika fifti, hurekebishwa na kitu kimoja tu: aliyeisikia kuitamka tena kabla ya kuvuta dawa.

Zika habari kwenye Mengineyo

Ikiwa kazi yako haina zege, mabawa wala damu, usikate tamaa. Una vikao.

Habari mbaya usiiombee nafasi kwenye ajenda. Iache isubiri Mengineyo, saa saba na nusu mchana, mwenyekiti akiwa ameshafunga shajara na harufu ya pilau inaingia kutoka chumba cha pili. Simama, sema sentensi moja, kaa. Katibu ataandika: "Wajumbe walijadili changamoto ya vifaa, na wahusika walitakiwa kuifanyia kazi." Sentensi hiyo haina mtu, haina idadi, haina tarehe. Mjumbe hawezi kuipinga kwa kuwa haijadai kitu. Mwezi ujao itafufuka chini ya Yatokanayo, itaulizwa, na itajibiwa kwamba utekelezaji unaendelea. Nimeona sentensi za aina hii zikiishi kuliko vifaa vyenyewe vilivyokuwa vinajadiliwa.

Muhtasari wenye uhai husomeka hivi: mtunza stoo atahesabu glavu zilizobaki na kumpa mganga mfawidhi idadi kwa maandishi kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Ukiusoma Ijumaa saa saba unajua kama jambo limefanyika au halijafanyika, na unajua wa kumuuliza. Katibu anayeandika hivyo anastahili kupandishwa cheo, kwa kuwa yeye peke yake anaweza kubadilisha tabia ya ofisi nzima kwa kalamu tu. Akikosa jina la mhusika, ainue mkono palepale aulize: ni nani, na lini? Wanaojisikia kubanwa na swali hilo ndio waliokuwa wanategemea lisiulizwe.

Kisha kuna kikao cha pili, kile ambacho hakina mwenyekiti. Hukaa kwenye maegesho ya magari, chini ya mwembe, au kwa mama lishe. Huko utamsikia yule aliyenyamaza saa mbili nzima akitoa takwimu kamili: pesa zilizobaki, tarehe ambayo mzigo utakwama bandarini, jina la kampuni ambayo haitaleta. Anajua yote. Alikuwa nayo mfukoni tangu asubuhi. Ukimuuliza kwa nini hakuyasema ndani, atakuambia ndani hakuulizwa. Na ni kweli hakuulizwa, mwenyekiti alisema "kuna swali?" huku akiinuka. Mama lishe yeye humngoja mteja amalize kusema, tena hana mamlaka ya kumhamisha mtu kituo.

Siku hizi kikao cha tatu kiko kwenye simu. Ukitaka agizo lipotee, litume saa nne usiku katika kundi la watu wengi, kati ya rambirambi na mchango wa harusi, bila kumtaja mtu. Watakujibu kwa vidole gumba. Kila mmoja ameona wenzake wamejibu, kila mmoja ameridhika kwamba jambo lina watu, na asubuhi hakuna aliyelishika. Agizo la kazi lipelekwe kwa mtu mmoja mwenye jina, naye ajibu kwa maneno yake mwenyewe atafanya nini. Kundi liachiwe rambirambi, ambazo kweli zinahitaji watu wengi.

Kwa wakubwa: pandisha bei ya ukweli

Niliahidi kurudi kwa wanaopanga bei. Haya ni yenu.

Mtu akikuletea habari mbaya, swali lako la kwanza liwe "Nani kakwambia?" Usiulize kama ni kweli. Kwa swali hilo umehamisha shauri kutoka kwenye ufa wa ukuta hadi kwenye mdomo wa mtu, na ofisi nzima imejifunza. La pili, mwambie asikuletee matatizo, akuletee ufumbuzi. Kauli hii inasifiwa sana, na nachukia kuisikia. Mlinzi wa usiku anayeona maji yakitiririka chini ya mlango wa chumba cha umeme si fundi umeme. Yeye ni macho yako. Ukimtaka kwanza awe na ufumbuzi ndipo akupigie simu, hatakupigia, na moto utakuletea taarifa wenyewe. La tatu, mwadhibu anayekiri. Mtu akija mwenyewe kusema amekosea dozi au amesahau vali, mpe barua ya onyo siku hiyohiyo. Yule aliyekosea vilevile na kuficha ataendelea na kazi bila doa kwenye jalada.

Wenye ndege, waliofundishwa na makaburi, walichagua njia nyingine. Tangu mwaka 1976 Marekani ina utaratibu wa marubani na waongoza ndege kuandika makosa na mapungufu waliyoyaona, na taarifa hizo zinapokelewa na NASA, si na mamlaka inayotoa leseni. Majina yanaondolewa. Anayeripoti kosa lisilo la kusudi wala la jinai, kwa wakati, hupata kinga dhidi ya adhabu. Kiwandani kwa Toyota mfanyakazi wa kawaida ana kamba au kitufe karibu naye, na akiona kasoro anatoa ishara. Kiongozi wa kundi humkimbilia, na tatizo lisipotatuliwa mstari wa uzalishaji unasimama. Hiyo ni pesa nyingi kumkabidhi mtu wa chini. Wanamkabidhi kwa sababu gari bovu likishatoka getini ni ghali zaidi.

Na mwisho wa masomo yenu, wakubwa, ni hili: hakikisheni kati yenu na wanaojua kuna watu wengi wanaopenda kuwafurahisha. Mhandisi Roger Boisjoly wa kampuni ya Morton Thiokol hakudokeza. Tarehe 31 Julai 1985 aliandika waraka akisema wazi kwamba kasoro ya pete za mpira kwenye roketi za chombo cha angani inaweza kuleta maafa ya kupoteza watu. Jioni ya tarehe 27 Januari 1986 yeye na wenzake walieleza kwenye simu, kwa vielelezo, kwamba kesho kutakuwa na baridi kali na chombo kisirushwe chini ya nyuzijoto 12 hivi. Watu wa NASA waliokuwa upande wa pili hawakufurahi. Mameneja wa kampuni wakaomba muda, wakajadiliana wenyewe, na mkuu mmoja akaambiwa na mwenzake avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Waliporudi kwenye simu ushauri ulikuwa umegeuka. Asubuhi yake chombo cha Challenger kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba waliokuwemo wakafa.

Tume iliyochunguza ilikuta jambo ambalo kila mkubwa anapaswa kulibandika ukutani kwake: waliotoa uamuzi wa mwisho hawakuwa wamejua kwamba wahandisi walikuwa wamepinga. Habari ilisemwa kwa sauti, kwa maandishi, kwa namba. Ilipanda ngazi moja, ngazi ya pili, na kwenye kila ngazi mtu aliichonga kidogo ili isimkwaruze wa juu yake. Ilipofika kileleni haikuwa na makali yoyote. Basi fundi wetu wa nondo hata angesema vizuri, bado angehitaji msimamizi asiyechonga.

Ifakara

Ninao mfano wa watu walioacha kuufuata mwongozo huu, na hauko mbali. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya ukaguzi wa upasuaji katika hospitali nane: Toronto, New Delhi, Amman, Auckland, Manila, London, Seattle, na hospitali ya Mtakatifu Francis iliyoko Ifakara, mkoani Morogoro. Orodha ina mambo 19, karibu yote ni ya kutamkwa. Mgonjwa huyu ni nani? Anapasuliwa wapi? Ana mzio wa dawa gani? Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Mwishoni muuguzi anatamka kwamba vifaa na pamba vimehesabiwa na vimetimia.

Kutaja majina kunaweza kuonekana kama mchezo wa watoto wa chekechea. Lakini fikiria muuguzi kijana chumbani pamoja na daktari bingwa ambaye hajawahi kumtazama usoni. Akishatamka jina lake mara moja kwa sauti, na bingwa akalisikia, kutamka mara ya pili, "Daktari, pamba moja haijaonekana," ni rahisi. Mdomo umeshafunguliwa, tena kwa amri.

Matokeo ya hospitali zote nane yalichapishwa Januari 2009. Vifo vya wagonjwa waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8. Matatizo makubwa baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine mpya kubwa katika jambo hilo. Kulikuwa na karatasi moja, na watu walioruhusiwa kusema na kulazimishwa kusikiliza.

Karatasi ile haigharimu chochote kuiga. Mwenye eneo la ujenzi anaweza kuwa na yake kabla ya kila zege: fundi wa nondo, wa mbao, na msimamizi wasimame pamoja, kila mmoja ataje alichokagua na kipimo alichokuta. Mwenye ghala anaweza, mwenye meli anaweza, mhasibu anaweza kabla ya kusaini hundi. Nawaomba muanze wiki hii. Na wewe mkubwa uliyefika mpaka hapa, kesho asubuhi mtafute aliye mdogo kuliko wote katika kazi yako, mwite kwa jina lake, muulize ni jambo gani analoliona kila siku na hajawahi kuulizwa. Mngoje ajibu. Akishajibu, andika alichosema, mshukuru mbele ya wenzake, na siku hiyohiyo nenda ukalitazame kwa macho yako.